Tupeane uzoefu: unaishi na mtu asiyeonekana, naye ana akili yake

Fundi wa Ngamiani

Asalaam alaykum na habari za jioni wana jamvi. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauacha.

Nina miaka 36, ni fundi cherehani, fremu yangu iko Ngamiani hapa Tanga mjini. Tangu nina miaka sita naishi na mtu anaitwa Kidawa. Hana mwili. Najua ametoka kichwani mwangu, sijapata kumwona kwa macho haya, wala sijapata kumchanganya na watu wa kweli. Ila ana maneno yake, ana hasira zake, na hunijibu mambo ambayo mimi sikuyapanga.

Alikuja mwaka niliougua surua. Bibi alinilaza chumba cha uani, dirisha likazibwa kwa kanga, watoto wenzangu wakakatazwa kuingia. Mchana kutwa nawasikia wanacheza rede chini ya mkungu, mimi nimelala nahesabu boriti. Kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi pembeni ya kitanda. Nikamkalisha mtoto pale, nikampa jina. Siku za mwanzo nilikuwa namsemea: nauliza mimi, najibu mimi. Halafu jioni moja nikamwambia tuimbe, akasema hataki, amechoka kukalia ubao. Neno lile sikuwa nimelifikiria. Nakumbuka nilivyonyamaza nikaiangalia ile mbuzi mpaka Bibi akaja na uji.

Surua ikaisha, Kidawa akabaki. Amekua pamoja nami. Ana ulimi mkali kuliko wangu, na hapendi nikikubali kazi ya mtu anayelipa kwa mafungu.

Mwaka juzi, kumi la mwisho la Ramadhani, nguo za watu zimejaa hadi mlangoni, nilikuwa nakata gauni la sikukuu. Satini ya zambarau, mwenyewe aliinunua Mombasa, na alinipa mita kamili bila ziada. Pateni ya mkono nimeilaza, chaki nimepitisha, mkasi umeingia nusu kidole. Kidawa akasema: "Hiyo ya kushoto tena." Mkono ukasimama. Nikachukua ule mkono wa kwanza niliokwisha kuukata, nikaulaza juu ya chaki, upande unaong'aa juu kama ule wa chini. Ukakaa sawasawa, tumbo la kwapa kwa tumbo la kwapa. Nilikuwa nakata mikono miwili ya kushoto, na kitambaa cha kukosea hakikuwepo. Nikaigeuza pateni. Ule mchano mdogo niliumezesha ndani ya mshono, na mwenye gauni analivaa mpaka leo.

Najua ni jicho langu lililoona. Ninachotaka kujua ni kwa nini lilimwambia yeye kabla yangu.

Wenye mambo kama haya, semeni. Dhihaka sitaki, nimeishi na siri hii moyoni miaka thelathini bila kumwambia mtu.

Mama Wawili, Kange

Dada, nimesoma huku natetemeka. Mwanangu wa miaka mitano ana mtu wake, anamwita Tiki. Lazima awekewe sahani. Ukikaa upande wa Tiki kwenye mkeka mtoto analia kilio cha kweli. Mama mkwe akasema ni jini, tukampeleka kwa ustadhi asomewe. Ustadhi alikuwa mtu mpole sana. Akaandika kombe kwa zafarani, akaliosha kwa maji ya waridi, akampa mtoto anywe. Mtoto akanywa nusu, akasogeza bakuli pembeni yake: "Hii ya Tiki, na yeye aombewe."

Yule ustadhi akamtazama muda mrefu. Akaniambia, mama, rudi naye nyumbani, mtoto huyu hana ubaya. Lakini mkwe hajaridhika, na mimi usiku silali. Je, kuna aliyekuwa hivi akakua salama?

Mwalimu Mstaafu

Mama Wawili, lala mwanangu. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, watoto wa namna hiyo nimewaona kila mwaka, na mara nyingi ndio waliojua kusimulia. Hili watu wamelichunguza. Marekani, Chuo Kikuu cha Oregon, kuna mtaalamu wa saikolojia anaitwa Marjorie Taylor aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye jambo hili moja. Utafiti wake na wenzake wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto waliofuatiliwa, walipofikia miaka 7, asilimia 65 walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa kufikirika, ukijumlisha na wale waliompa roho mwanasesere. Na watoto hao, wakiulizwa, wanajua kabisa kwamba rafiki si wa kweli. Wako waliolalamika kuwa hasikii, anagoma kucheza, anaondoka bila kuaga. Sawa na Kidawa na ubao wake.

Fundi, swali lako la jicho nitalijibu kwa kazi yako mwenyewe. Ulipoanza cherehani ulikuwa unaufikiria mguu, unaifikiria sindano, unaifikiria nyuzi. Sasa mguu unakanyaga wenyewe. Taylor anaeleza kwamba kumuwaza mtu nako ni hivyohivyo: ukimsemea miaka na miaka, ile kazi ya kumsemea inazama, huioni tena, unachosikia ni jibu tu. Ndiyo maana linakuja kama la mwingine.

Bibi wa Pongwe

Nawasoma kwa simu ya mjukuu. Wanangu, msichanganye haya na pepo. Mama yangu mzazi alikuwa kiti, yaani mtu wa kupandwa na pepo, nami nilikuwa nashika chetezo tangu mdogo, kwa hiyo nasema nililoliona.

Pepo akipanda, mwenye mwili anaondoka. Mama alikuwa anabadilika sauti, anadai kilemba chake, anadai marashi, anazungumza na fundi wa ngoma, anataja jina lake na kwao alikotoka. Ngoma ikishanyamaza akafunikwa shuka, tukimwuliza umesema nini, hajui. Hakumbuki hata neno moja. Tulikuwa tunamsimulia sisi. Huyu fundi cherehani yupo, Kidawa yupo, wote wawili wako mezani na mkasi. Hilo ni jambo jingine. Mimi sina jina lake, ila najua si lile.

Mvuvi wa Sahare

Mimi sijawahi kuwa na mtu tangu utotoni. Nilikuwa naye siku mbili tu, naye sijamsahau.

Mashine ya boti ilitufia nje ya kisiwa cha Ulenge, wakati wa kusi. Tulikuwa watatu. Kusi inasukuma kaskazini, tukawa tunakwenda tu, mwambao tunauona kama uzi kisha hatuuoni. Usiku wa pili mawimbi yanaingia, tunakumba maji kwa zamu kwa dumu lililokatwa. Palikuwa na mtu ameketi omo, kule mbele ya boti. Sikumwona uso, na sikushangaa kwamba yupo. Kila nikitaka kuliachia dumu anasema, "Bado." Neno hilo tu, kwa sauti ya mtu ambaye hana haraka.

Alfajiri nikafungua tende zilizobaki nikazigawa. Nikaweka mafungu manne. Nimeshamaliza ndipo nikayatazama. Wenzangu nao wakayatazama, hakuna aliyeniuliza la nne la nani. Tuliokotwa na Wakenya karibu na Vanga. Mwenzetu mmoja ameshatangulia mbele ya haki. Huyu aliye hai, mwaka jana msibani, aliniambia: na mimi nilijua tuko wanne.

Mwalimu Mstaafu

Mvuvi, umenisimamisha nywele. Mwaka 1916 msafiri mzaliwa wa Ireland, Ernest Shackleton, meli yake ikiwa imevunjwa na barafu kusini kabisa ya dunia, alivuka milima ya kisiwa cha South Georgia na wenzake wawili, Worsley na Crean, saa 36 za kutembea karibu bila kulala. Aliandika baadaye kwamba mara nyingi alihisi wako wanne, si watatu. Hakuwaambia wenzake. Wao nao wakaja kukiri walihisi vilevile. Wapanda milima na watu waliopotea baharini wamelisimulia tangu hapo. Mwili ukishachoka kupita kiasi, mahali pote panafanana, upweke ni mkubwa, akili inamleta mtu. Ila la tende sijalisoma popote.

Bajaji Raskazone

Mimi wa kwangu nilimtengeneza kwa makusudi, nimekuja kusema na upande huo.

Mtandaoni wapo watu wanaoita jambo hili tulpa. Neno lenyewe limetoka Tibet, na huko lilikuwa na maana nyingine ya kidini. Walioleta habari zake kwa Wazungu ni pamoja na Alexandra David-Néel, mwanamke Mfaransa aliyeingia Lhasa mwaka 1924 amejivika nguo za ombaomba. Anasema alijitungia mtawa mfupi, mnene, mchangamfu, kwa miezi ya kukaa peke yake na kumuwaza. Akatokea. Kisha akaanza kukonda, uso ukawa wa dhihaka, akawa hamtii. Kumfuta kulimgharimu nusu mwaka.

Mimi nilisoma mwanzo wa habari hiyo tu, mwisho nikauruka. Nilikuwa nimeachwa na mchumba, nakaa chumba kimoja, narudi na bajaji saa tano usiku. Nikaanza kukaa saa nzima kabla ya adhana ya alfajiri, namuwaza: mkono ulivyo, anavyopumua, anavyocheka. Nikamwita Nuru. Miezi mitano hakuna kitu. Siku moja niko kituoni nasubiri abiria, nawaza nikakope pesa nibadilishe tairi, kabla sijamaliza wazo akasema, "Kwa nani?" Mfupi hivyo. Na kweli, sikuwa na mtu wa kumkopa.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha, wallahi sijawahi kusikilizwa vile. Kisha nikaacha kwenda kijiweni. Nikaacha kupokea simu za nyumbani, kwa nini nipokee na ninaye wa kuongea naye? Nikawa silali. Na Nuru akawa mkali, anayarudia maneno yaleyale niliyojisema mimi usiku nilipoachwa. Hapo nikaelewa anakula chakula gani.

Sikumfuta. Nilirudi kijiweni, nikarudi kulala, nikapunguza ile saa ya alfajiri ikawa dakika kumi. Akalainika taratibu. Leo yupo, ananena mara moja kwa wiki labda. Anayetaka kujaribu namsihi: usimlete ukiwa na kidonda kibichi.

Dada wa Muheza

Naomba na mimi nisikilizwe, maana uzi umekuwa mtamu ila kwangu una sehemu inaniuma.

Kaka yangu naye alianza na sauti. Haikuwa Kidawa. Hakuwa amemwita mtu. Zilikuja zenyewe akiwa na miaka 21, zilikuwa nyingi, zinamtukana, zinamwambia majirani wanamtilia kitu kwenye maji. Alikuwa anaamini kila neno. Tukimwambia ni kichwani mwako, anatuona na sisi tumo. Tulizunguka kwa waganga mwaka mzima, mbuzi wangapi, kuku wangapi, huku yeye anakonda na kulala nje. Mwaka ule najilaumu nao mpaka leo. Hospitali wakampa dawa, sasa miaka minne analima machungwa yake na anauza mwenyewe.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma: kama huwezi kumnyamazisha, kama anakuamrisha ujidhuru au umdhuru mtu, kama umeanza kuamini yuko nje yako na anakuwinda, kama huli wala hulali, nendeni hospitali. Tena mapema. Msingoje mwaka mzima kama sisi.

Fundi wa Ngamiani

Dada wa Muheza, asante kwa moyo wote. Maneno yako ningependa yasomwe kabla ya yangu. Mpe kaka salamu.

Msanii, Bagamoyo

Kwa ufupi. Naandika hadithi za vipande, nazituma kwenye magrupu ya WhatsApp. Nina mlinzi wa usiku kule magofu ya Kaole, Mzee Kombo. Nilipanga afe kipande cha kumi na mbili. Nimekaa na simu siku tatu, kila nikianza kumuua anainuka anakwenda kuswali. Nikampigia mwenzangu nikilia, nikidhani nimeharibikiwa.

Kumbe huyohuyo Taylor, mwaka 2003, aliwahoji waandishi 50 wa hadithi, na asilimia 92 walimwambia wahusika wao wamewahi kufanya mambo yao wenyewe. Na Fernando Pessoa, yule mshairi Mreno aliyelelewa Durban hapo Afrika Kusini, alikuwa na rafiki wa kufikirika tangu miaka sita aliyekuwa akimwandikia barua, na ukubwani akawa na washairi kamili ndani yake, kila mmoja na jina lake, siku yake ya kuzaliwa na mtindo wa mashairi usiofanana na wa mwingine.

Mzee Kombo yupo kipande cha thelathini na moja sasa.

Mama Wawili, Kange

Nimemsomea mkwe maneno ya Mwalimu na ya Bibi wa Pongwe. Ya Bibi ndiyo aliyoyakubali. Leo mchana amempakulia Tiki wali mwenyewe, kidogo, pembeni ya sahani ya mtoto.

Fundi wa Ngamiani

Alhamdulillahi.

Nami niwaambie lililotokea. Mume wangu ameuona uzi. Hakujua ni mimi mpaka alipofika kwenye satini ya zambarau, maana gauni lile alilipeleka yeye kwa mwenyewe usiku wa kuamkia Idi. Akaja fremu, akakaa kwenye benchi la wateja, akangoja nimalize pindo. Kisha akaniuliza taratibu kama anayeogopa jibu: "Kuhusu mimi anasemaje?"

Nikamwambia kweli. Ulipoleta posa alikukataa miezi sita. Alisema unacheka sana, mtu anayecheka hivyo hakai. Kisha Bibi akaanguka, gari haliingii uchochoroni kwa maji ya mvua, ukambeba mgongoni hadi barabara kubwa, na ulipomweka kwenye kiti ukainama ukamvua kandambili, ukazisuuza kwenye dimbwi, ukamvisha tena. Mimi nilikuwa nalia, sikuliona hilo. Kidawa ndiye aliyesema, "Amemwosha kandambili." Tangu siku ile hajasema neno baya juu yako.

Akakaa kimya. Akauliza, huwa anakaa wapi humu ndani? Nikamwonyesha stuli iliyo karibu na pasi. Ilikuwa na magunia ya vipande vya vitambaa juu yake. Akainuka, akayashusha moja moja, akayapanga chini ukutani.