Kodi P0118 siyo risiti ya kununulia sensa! Mafundi, tumewachoka

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Taa ya injini ikiwaka, fundi anachomeka mashine ya kupimia, anasoma P0118 (kodi, yaani namba ya kosa), anakunja waya wake na kukutajia bei ya sensa ya joto la maji. Mita hajaigusa, boneti hajaifungua. Unanunua, anafunga, anafuta kodi (siyo ya TRA, hiyo haifutiki), kesho kutwa taa imerudi. Hapo utaambiwa sensa uliyoleta ni feki. Ya pili nayo ikigoma, anaanza kuisingizia kontroboksi, yaani kompyuta ya injini.

P0118 haisemi sensa imekufa. Inasema volti kwenye saketi ya sensa ya joto la maji zimezidi, basi. Kontroboksi inatoa volti 5 kupitia rezista iliyomo ndani yake, zinapita kwenye sensa, na waya wa pili unarudi hasi. Maji yakipata moto, ukinzani wa sensa (unaopimwa kwa ohm) unashuka na volti zinashuka nao. Waya ukikatika popote njiani, volti zinabaki 5, na kwenye mashine utasoma nyuzi -40. Nyuzi -40 Dar es Salaam! Hata Makete mwezi wa Julai hakuna baridi hiyo. Fundi anaiona namba hiyo kwenye kioo na bado hajiulizi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata mita. Swichi iwe on, injini usiwashe, mashine ionyeshe joto la maji. Chomoa soketi ya sensa, kisha unganisha tundu mbili za soketi upande wa waya kwa kipande cha waya mwembamba. Usomaji ukiruka kutoka -40 hadi 140 au zaidi, waya ni wazima na kontroboksi ni nzima. Kosa liko kwenye sensa au pini zake. Usiporuka, unganisha tundu la waya wa mawimbi (ule unaopeleka volti za sensa kwenye kontroboksi; kwenye michoro ya Toyota umeandikwa THW) na hasi ya betri. Ukiruka sasa, uliokatika ni ule wa kurudi hasi, E2. Usiporuka hapo pia, ndipo ufuate waya wa THW hadi kwenye kontroboksi, betri ikiwa imechomolewa, upime kwa mita: mwisho hadi mwisho isizidi ohm 1. Kontroboksi inashukiwa baada ya hapo, siyo kabla.

Ila sikilizeni vizuri: hii ni ya sensa za waya mbili za joto tu. Mkienda kuunganisha ovyo tundu za sensa ya throto au ya presha yenye waya tatu, mtaipeleka volti 5 moja kwa moja kwenye hasi, sensa nyingine zinazokula laini hiyo zizimike, halafu mje kulalamika kwenye uzi wangu.

Kama kodi ni P0117, geuza hesabu. Mashine inasoma 140 injini ikiwa ya baridi. Chomoa soketi: ikishuka hadi -40, sensa ina shoti ndani. Ikibaki 140, waya umechunika na unagusa bodi au mwenzake.

Sensa yenyewe, kama ya Toyota, mnaipima kwa mita ikiwa kwenye sufuria ya maji. Maji ya nyuzi 20, ohm 2,000 hadi 3,000. Ya nyuzi 80, ohm 200 hadi 400. Ni kazi ya robo saa.

Na sasa linaloniudhi kuliko yote: kutu ya kijani kwenye pini. Hii mara nyingi haiwashi taa. Sensa nzima ya Toyota kwenye nyuzi 80 ina takriban ohm 320. Kutu ikiongeza ohm 280 tu, jumla ni 600, na kontroboksi inaamini maji yako nyuzi 60. Inamwaga mafuta kama injini bado haijapata moto, gari linakunywa, plagi zinakuwa nyeusi, na fundi anakuuzia plagi. Au taa ikija kuwaka kwa P0128 (injini haifikii joto lake), anakuuzia thamostati, ile vali inayozuia maji mpaka yapate moto. (Wengine huing'oa kabisa, na hilo lina uzi wake.) Kutu kubwa kuikamata ni rahisi: asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia kabla ya kuwasha. Yapishane nyuzi chache tu. Maji yakionyesha 15 na hewa 27, tafuta kutu. Ila ndogo kama hiyo ya ohm 280 asubuhi inapotosha nyuzi chache tu, hiyo inajionyesha injini ikiwa ya moto.

Kutu hiyo mara nyingi mnaileta ninyi mafundi wenyewe. Mnaosha injini kwa maji ya presha soketi zikiwa wazi. Mnatoboa ganda la waya kwa ncha ya mita na kuacha tundu, maji yanaingia. Mnasukuma ncha nene kwenye tundu la soketi kwa mbele, pini inatanuka, haibani tena, na gari lililokuja na tatizo moja linaondoka na mawili. Pimeni kwa nyuma ya soketi, kwa pini nyembamba ya kushonea. Na kuunga waya siyo kusokota na kufunga tepu: ni kuchomelea kwa risasi, na mpira wa kubana kwa moto juu yake.

Halafu kuna magari yenye sensa mbili: ya waya mmoja ya geji ya joto kwenye dashibodi na ya waya mbili ya kontroboksi. Mnabadilisha ya geji na kutoza ya pili. Aibu.

Kwa hiyo wenye magari, fundi akisema "ni sensa", mwambie achomoe soketi mbele yako, aunganishe zile waya mbili, na namba uione wewe kwenye kioo. Akianza maneno mengi, funga boneti. Akikubali na sensa ikathibitika mbovu, lipa bila kelele, na ile ya zamani uondoke nayo.