Naomba ushauri: betri za Nissan Leaf kwa sola ya nyumbani, niko Kitangiri Mwanza

Mama Sato

Mwangaluka ndugu zangu, na mlio mbali habari za asubuhi. Naombeni mnisaidie kabla sijatoa hela.

Naishi Kitangiri, juu huku kwenye mawe. Biashara yangu ni sato na barafu. Sato nachukua soko la Mwaloni alfajiri, barafu nawauzia akina mama wenzangu wa samaki. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi barafu imelegea, na samaki akishalegea jicho mteja anaona hata umfunike vipi. Wiki iliyopita nimeuza kilo 12 kwa bei ya kutupa.

Sasa kuna kijana ana betri za gari la umeme, Nissan Leaf iliyogongwa. Anazo pisi 14. Kila moja ni bapa, ya bati, kama daftari kubwa la kaunta, ina ncha tatu, uzito unakaribia kilo 4. Anataka 130,000 kwa pisi, yaani 1,820,000 zote. Dukani nimeona betri mpya ya lithiamu ya uniti 5 kwa milioni tatu na ushee. Kijana amezipima mbele yangu kwa mita, kila moja ikasoma volti 7.7, akasema zote nzima.

Paneli ninazo 4 za wati 550, kaka yangu aliniachia. Inveta bado, nafikiria ya kilowati 3, volti 48. Friza nimeiwekea mita ya plagi siku tatu, inakula kama uniti 1.8 kwa siku. Taa, TV na simu tuseme 0.7.

Ninunue? Nina watoto watatu ndani ya nyumba, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kijana wa Buhongwa

Dada, ongeza hela ununue mpya. Ile ya dukani ni lithiamu ya fosfeti, haishiki moto kirahisi, inakuja na BMS yake ndani, yaani kile kibodi kinacholinda kila seli isijae wala kuisha kupita kiasi, na garantii juu. Kitu cha gari lililogongwa hujui kilipigwa wapi.

Fundi wa Nyakato

Dada, mwenzangu hapo juu hajakosea, na kama hela ungekuwa nayo leo ningekuambia hivyo hivyo. Lakini nimefunga mifumo ya namna hii, inafanya kazi vizuri ikifungwa kwa adabu. Acha nikueleze.

Kwanza hiyo volti 7.7. Kila pisi ya Leaf kama hizo, sisi tunaiita moduli, ina seli nne, mbilimbili sambamba, halafu hizo jozi mbili zimefuatana. Volti 7.7 inakuambia tu kwamba ina chaji kiasi cha zaidi ya nusu. Haikuambii imebaki na ukubwa gani. Ni kama kuchungulia maji yamefika wapi kwenye ndoo bila kujua ndani kuna mawe mangapi. Ikiwa mpya inabeba kama ampea-saa 65, hicho ndicho kipimo cha ukubwa wa betri. Iliyochoka inaweza kubeba 30 tu, na mita ikasoma 7.7 ileile.

Kipimo chenyewe ni hiki. Moduli ichajiwe polepole hadi volti 8.2, ipumzike, kisha ifungiwe mzigo. Taa mbili za mbele za gari zinatosha. Katikati pawe na kile kimita cha kuhesabu ampea-saa. Inyonywe hadi 6.6, ukate, uandike namba kwa wino juu ya bati. Ni kazi ya saa tano sita kwa kila moja. Kijana akikataa kupima, mwachie betri zake.

Pili, chukua rula uisimamishe kwenye uso wa kila moduli. Ukiona mwanga unapita pembeni na katikati imegusa, imevimba. Hiyo usiipokee hata ya bure.

Hesabu yako: 14 zinafungwa jozi 7 mfululizo, unapata volti 52 hivi. Tuchukulie kila moja imebaki na 43. Jozi ni 86, mara volti 52, unapata uniti 4.4. Tumia asilimia 80 tu, zibaki kama 3.5. Usiku wako, friza na taa, haufiki 2. Kwa hiyo mzigo unabebeka, hata siku moja ya wingu la vuli ukibana TV. Paneli zako kwa jua la Mwanza zitaleta zaidi ya unachokula.

Swali moja la kumuuliza kijana: Leaf nzima yenye moduli za aina hii inazo 48. Hizo 34 nyingine ziko wapi? Isije ikawa nzuri zimeshauzwa wewe unaletewa masalia.

Mama Sato

Asante sana kaka. Nimempigia, amekubali kupima na mimi nikiwepo. Leo tumemaliza tatu: 44, 43 na 29. Ile ya 29 nayo ilisoma 7.7 kama wenzake! Siwezi kuichanganya tu na nzuri, hata kama itapunguza uwezo kidogo?

Fundi wa Nyakato

Hapana dada, irudishe. Zikifuatana, mkondo uleule unapita kwenye zote. Iliyochoka inajaa kabla ya wenzake na inaisha kabla ya wenzake, kwa hiyo nyumba nzima inaishi kwa kipimo cha jozi moja. Na hiyo ndiyo itakayovimba.

Ukishapata 14 nzuri, zipange ili jumla ya kila jozi ilingane: ya 45 ikae na ya 41, ya 44 na ya 42. Kabla ya kuunganisha jozi, volti zao ziwe zimelingana kabisa, la sivyo yenye nyingi itamwaga mkondo kwa mwenzake kwa kishindo. Na ile ncha ya katikati, wengi wanaisahau. Nazo ziunganishwe jozi kwa jozi, kisha waya wa BMS uingie hapo. BMS iwe ya seli 14, waya zake za kupimia ni 15. Bila BMS mimi sifungi, hata mteja akilia.

Mzee wa Ukerewe

Mwanangu, nisikilize na mimi niliyeungua.

Nilifunga kama hizo hapa Nansio, za mkono wa pili, bila BMS. Inveta niliiacha kwenye mipangilio ya betri za maji. Mipangilio ile ina kitu cha kusawazisha, kila baada ya siku kadhaa inapandisha volti makusudi. Betri ya maji inakipenda, lithiamu inakufa nacho. Kwa jumla volti zilionekana sawa, kumbe seli moja imeshatangulia na inasukumwa kupita volti 4.2. Siku hiyo nimeingia stoo nikakuta harufu tamu, kama rangi ya kucha. Nikadhani mjukuu amemwaga chupa. Kugusa moduli ya tano, ya moto, imetuna kama andazi. Nilizima breka kwa mkono unaotetemeka, tukaibeba kwa jembe hadi mchangani.

Zima kusawazisha. Chagua mipangilio ya mtumiaji, uandike mwenyewe: kujaza iishie 57.4, kukata 47.6. Kwa hesabu hiyo kila seli inaishia 4.1 na haishuki chini ya 3.4. Unapoteza kidogo, unapata miaka. Wala usichague ile ya lithiamu ya fosfeti, ile ni ya seli 16.

Mama Sato

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Hiyo harufu sitaisahau. Sasa nikae nazo wapi? Nilitaka nyuma ya kochi sebuleni, karibu na friza.

Fundi wa Nyakato

Sebuleni hapana, chumbani hapana, chini ya dirisha la watoto hapana. Zikiwaka, moshi wake ni sumu na unatangulia moto. Jenga kijistoo cha tofali nje, bati juu, matundu ya hewa, kivulini upande usiopigwa na jua la mchana, betri zikae juu ya zege. Ukisikia harufu aliyosema mzee, kata breka kama unaifikia, toa watoto, piga zimamoto 114, usirudi ndani kufuata kitu.

Breka na fyuzi ziwe za DC, yaani umeme wa betri na paneli. Ya AC ya nyumbani haikati mkondo wa betri, cheche inaendelea kuwaka ndani yake kwa sababu umeme wa DC hauna pale pa kushuka sifuri. Fyuzi ya ampea 100 ikae hatua moja tu kutoka kwenye betri. Moduli zibanwe kati ya vibao viwili vya chuma, kama zilivyokuwa kwenye gari, zisipate nafasi ya kutuna.

Kijana wa Buhongwa

Nami niongeze la ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, maana Kitangiri ni mawe matupu. Hapa kanda ya ziwa radi si mchezo, na paneli ziko juu ya bati. Fimbo ya shaba ikigoma kushuka, usimruhusu fundi aikate aifukie nusu. Chimba mfereji mrefu penye udongo, laza waya wa shaba mtupu, weka mkaa na chumvi, fukia, kisha pima. Kwetu tulilazimika kushuka mita kumi na tano hadi kwenye bustani ya jirani, tukaomba ruhusa. Na uweke kinga ya radi upande wa paneli.

Mama Sato

Ndugu zangu, narudi na majibu. Pisi zote 14 zimepimwa. Kumi na moja ziko kati ya 41 na 45. Tatu zimefeli, moja kati ya hizo rula ilionyesha imevimba. Kijana alikuwa na nyingine nyumbani, tumepima nne, tukachagua tatu. Kwa huo usumbufu amenipunguzia, nimelipa 1,600,000. Karatasi ya namba nimeibandika ukutani.

Kijistoo nimeshaanza, nyuma ya choo cha zamani, pana kivuli cha mwembe mpaka jioni. Jirani wa chini amekubali mfereji upite kwake, ameomba tu tusiguse mizizi ya mpapai.

BMS na fyuzi zinaingia na basi la Ijumaa. Kaka Fundi, kama Jumamosi unaweza kupanda huku, njoo na ile spana ya kupimia ukazaji. Nimehesabu nati, ni 42 na sitaki hata moja ilegee. Sato wa mchana nitakuwekea.