Naomba ushauri: nitajuaje onyo lipi ni jipya na lipi ni la zamani kati ya toleo 2.4 na 2.5?

Mto_Ruaha:

Habari za kazi wakuu. Nimekwama mahali, na naamini humu wamo waliokwisha pita njia hii.

Natunza maktaba moja ya lugha ya C inayosoma kadi za malipo. Ni faili 14 tu, ila inatumika ndani ya programu nne za wenzangu kazini, na tunaitoa kama kifurushi cha Debian, mfumo wa aina ya Linux. Kabla toleo halijatoka huwa naipitisha kwenye Cppcheck, ile programu inayosoma msimbo bila kuuendesha na kukuonyesha palipo na mashaka. Toleo 2.4 lilikuwa na maonyo 214. Toleo 2.5, lililotoka wiki mbili zilizopita, lina 231. Bosi akaniuliza swali moja tu: "Hayo 17 yaliyoongezeka ni yapi?" Sikuwa na jibu.

Nikachukua orodha zote mbili nikazilinganisha kwa diff, amri inayolinganisha faili mbili mstari kwa mstari. Ikaniambia maonyo mapya ni 168 na yaliyoondoka ni 151. Hesabu inakubali, 168 kutoa 151 ni 17, lakini ukiyasoma moja moja unakuta mengi ni yaleyale. Mfano, kwenye logi.c kuna onyo la siku nyingi kwamba kigezo i kimetangazwa mbali na kinapotumika. Katika 2.4 liko mstari wa 88, katika 2.5 liko mstari wa 100. Kilichotokea ni kwamba niliongeza mistari 12 ya leseni juu ya faili tisa. Fanksheni yenyewe haikuguswa hata herufi moja.

Jambo linaloninyima usingizi ni hili: kituo kimoja kimeripoti programu inakufa ghafla mtu akigusisha kadi isiyosajiliwa. Kwenye 2.4 tatizo hilo halikuwepo. Yawezekana onyo lake limo humo kwenye hayo 168. Juzi usiku nilianza kuyasoma yote, nikafika la 40 nikawa sioni tena tofauti kati ya moja na jingine. Wenzangu mnafanyaje?

BintiTanga:

Pole ndugu. Mimi nilikaa na tatizo hilo karibu mwaka mzima kabla sijaelewa kosa langu liko wapi. Unalitambua onyo kwa anwani yake, yaani jina la faili na namba ya mstari, na anwani inahama kila mtu akigusa faili. Mtu akihama nyumba hawi mtu mwingine.

Lipe kila onyo alama yake ya kidole. Mwambie Cppcheck atoe matokeo kwa `--xml`, kisha skripti fupi ya Python ichukue vitu vinne: aina ya onyo, jina la faili, ujumbe wenyewe ukiwa umeondolewa tarakimu, na maandishi ya mstari wa msimbo unaolalamikiwa, nafasi zote zikiwa zimefutwa. Unganisha vyote, pitisha kwenye sha256 (hesabu inayogeuza maandishi kuwa herufi chache za urefu uleule), hiyo ndiyo alama. Namba ya mstari iweke pembeni ili ujue pa kwenda kuangalia, isiingie kwenye alama. Hapo leseni yako ya mistari 12 haitabadilisha chochote.

Kuna mtego mmoja. Mistari miwili inayofanana kabisa ndani ya faili moja itatoa alama moja. Usiyaunganishe, yahesabu: la kwanza, la pili, la tatu kwa mpangilio wa kutokea. Mimi sikufanya hivyo, na onyo la kumbukumbu kuvuja likajificha nyuma ya pacha wake kwa matoleo mawili.

fundi_wa_Sinza:

Mkuu, kabla hujaandika skripti, jaribu csdiff. Ni zana huria ya watu wa Red Hat na kazi yake ndiyo hiyo. Unaipa orodha ya zamani na orodha mpya, inakutolea mapya peke yake. Ukiongeza `--fixed` inakutolea yaliyotoweka. Haiangalii namba za mistari. Wao wenyewe hupima vifurushi vya RPM (vya programu za Linux yao) kwa namna hii, kila toleo likilinganishwa na lililotangulia.

Wanaotumia Java nao wana cha kwao. FindBugs ilizaliwa Chuo Kikuu cha Maryland, na ndani yake kuna amri ya computeBugHistory inayounganisha matokeo ya matoleo mengi kwenye faili moja, kila onyo likibeba toleo lilipoonekana mara ya kwanza na toleo lilipoondoka. SpotBugs, iliyochukua nafasi ya FindBugs, imeirithi. Nakutajia hili ujue kwamba kulinganisha matoleo mawili ni mwanzo tu. Utamu unakuja ukiwa na historia ya matoleo kumi, pale unapoona onyo fulani limekaa tangu 1.0 bila kumdhuru mtu, na jingine limeingia juzi.

NyaliDev:

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nauliza tu, kwa nini usizime yale ya mtindo yote? Hayo ya "kigezo kimetangazwa mbali" hayajawahi kuua programu. Sisi tuliweka kanuni, kila onyo lisilo na madhara linazimwa kwa maelezo ndani ya msimbo, orodha ikabaki fupi, mtu anaisoma akiwa na chai mkononi.

MzeeKernel:

NyaliDev mwanangu, hapo nakupinga, na nakupinga kwa sababu nimeona linakoishia. Kuzima onyo ni kubadilisha msimbo, au ni kumziba mlinzi mdomo. Yote mawili yanataka uelewe kwanza kwa nini alikuwa anapiga kelele.

Mwaka 2006 mtunza kifurushi cha OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) ndani ya Debian alikuwa anapata malalamiko kutoka kwa Valgrind kwamba kuna kumbukumbu inasomwa kabla haijaandikwa. Valgrind inaangalia programu ikiwa inaendeshwa, si kusoma msimbo kama Cppcheck, lakini somo ni hilohilo. Mistari iliyosababisha malalamiko ikaondolewa. Kelele zikaisha. Ila mmoja wa mistari hiyo ndio ulikuwa unaingiza ubahatishaji kwenye uundaji wa funguo. Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato tu, ambayo kwa kawaida haizidi 32,768. Tangazo la hatari lilitoka tarehe 13 Mei 2008. Karibu miaka miwili watu walikuwa wakitengeneza funguo za SSH (za kuingilia kompyuta za mbali) zinazoweza kukisiwa, kwa sababu ya onyo lililonyamazishwa.

Kwa hiyo usizime. Weka msingi: orodha ya maonyo ya toleo lililokwisha toka, ihifadhi kama ilivyo, na uangalie tu kilichoongezeka juu yake. Orodha ikiwa ndefu si dhambi. Dhambi ni kutojua kipya.

Sasa Mto_Ruaha, nina swali. Kati ya 2.4 na 2.5, Cppcheck yenyewe ilibaki toleo lilelile?

Mto_Ruaha:

Shikamoo mzee. Hapana! Mwezi uliopita nilibadilisha mfumo kwenye laptopu, Cppcheck ikaja mpya. Sikuwa nimelifikiria kabisa.

MzeeKernel:

Marahaba. Basi hapo umepima watoto wawili kwa mizani mbili tofauti. Zana mpya inajua makosa ambayo ya zamani haikuyajua, kwa hiyo sehemu ya ongezeko lako haihusiani na msimbo. Rudisha msimbo wa 2.4 kutoka kwenye Git (hifadhi ya matoleo ya msimbo), upime upya kwa Cppcheck mpya, chaguo zilezile za amri, makro zilezile, ndipo ulinganishe. Kila ukipandisha toleo la zana, toleo la msimbo lililotangulia lipimwe upya siku hiyohiyo. Andika toleo la zana juu ya kila orodha.

BintiTanga:

Kweli kabisa, na mimi nilisahau kulisema hilo. Jingine: kama kuna faili imebadilishwa jina, alama zote za faili hiyo zitakuwa mpya. `git diff -M` itakuonyesha zilizobadilishwa jina, utumie jina la zamani wakati wa kulinganisha.

Na usitegemee ulinganisho wa aina moja. Mimi nalinganisha kwa awamu. Kwanza yale yanayofanana kabisa, nayatoa. Kwa yaliyobaki nalegeza: aina ileile, faili ileile, ujumbe uleule, hata kama mstari wa msimbo umebadilika kidogo. Hayo nayaita "yamebadilika" na nayapitia kwa jicho, kwani mtu kubadilisha jina la kigezo si sawa na kuingiza kosa jipya. Kisichopata mwenzake kokote ndicho kipya.

fundi_wa_Sinza:

Makundi hayohayo yamo kwenye SARIF, muundo wa kuandikia matokeo ya zana hizi uliopitishwa na OASIS, shirika la viwango. Toleo 2.1.0 likawa kanuni rasmi mwaka 2020. Kila onyo linaweza kubeba hali moja kati ya nne: jipya, halijabadilika, limebadilika, limeondoka. GCC (kompaila ya C) tangu toleo la 13 inaweza kutoa maonyo yake kwa muundo huo. Kama unaanza leo, hifadhi kwa muundo huo, utaweza kubadilisha zana kesho bila kupoteza historia.

Mto_Ruaha:

Narudi na mrejesho, na asanteni sana, sijui ningefika wapi.

Nilianza na skripti ya BintiTanga. Maonyo "mapya" yalishuka kutoka 168 hadi 26, yaliyoondoka kutoka 151 hadi 9. Nikapima 2.4 upya kwa Cppcheck mpya kama mzee alivyoelekeza, ikatoa 229 badala ya 214. Maana yake 15 kati ya yale 17 ya bosi yalikuwa ya zana! Nikalinganisha tena, mapya 11, yaliyoondoka 9. Kisha nikakumbuka kwamba kadi.c niliibadilisha jina kuwa kadi_soma.c. Manne yalikuwa yamo humo, yanahesabiwa yameondoka upande mmoja na yameingia upande mwingine. Nikabaki na mapya 7 na yaliyoondoka 5.

Saba nayasoma kwa dakika kumi. La tano likanisimamisha. Liko kwenye salio.c:

```
struct kadi *k = tafuta_kadi(namba);
int salio = k->salio;
if (!k)
    return -1;
```

Cppcheck anasema ama lile sharti la `!k` halina kazi, ama pointa tupu (anwani isiyoelekeza popote) inaweza kutumika kabla yake. Katika 2.4 mstari wa salio ulikuwa chini ya sharti. Kwenye 2.5 mwenzetu mmoja alipanga vigezo vyote viwe juu ili msimbo upendeze, akaupandisha. Kadi isiyosajiliwa, tafuta_kadi inarudisha pointa tupu, programu inakufa. Ndiyo hitilafu ya kituo kile. Onyo lilikuwepo siku tunatoa 2.5, namba 143 kwenye orodha.

MzeeKernel:

Hongera kijana. Na ujue kosa hilo lina ukoo. Linux 2.6.30 ya mwaka 2009 ilikuwa na mstari wa namna hiyohiyo kwenye kiendeshi cha mtandao kiitwacho tun: pointa inatumika kwanza, kisha chini yake inaulizwa kama ni tupu. GCC ikaona kwamba kwa kuwa imekwisha kutumika basi haiwezi kuwa tupu, ikalifuta sharti lote wakati wa kuboresha kasi. Watu wakapata njia ya kuiteka kernel (kiini cha mfumo) kupitia hapo. Baadaye kernel ikaanza kujengwa kwa `-fno-delete-null-pointer-checks`, chaguo linaloikataza GCC kufuta masharti hayo. Kwako programu ilikufa tu. Ingeweza kuwa mbaya zaidi.

NyaliDev:

Mzee nimekuelewa, na nimeona kwa macho. Tuna maonyo kama 60 tuliyoyazima. Leo nimeanza kuyafungua, moja moja, kila moja naandika sababu kando yake.

Mto_Ruaha:

Nimerekebisha, na nimeongeza jaribio la kadi isiyosajiliwa. Orodha ya 2.5 na toleo la Cppcheck nimeviweka ndani ya Git, na seva ya ujenzi sasa inakataa kujenga kifurushi kama kuna onyo jipya ambalo halijaandikiwa maelezo. 2.5.1 inatoka Ijumaa. Swali la mwisho: niilinganishe na 2.5 peke yake?

BintiTanga:

Na 2.5, na pia na 2.4. Lile la salio.c litaonekana limeondoka. Usilifute kwenye historia, liandikie tu toleo lilipoondoka. Mtu akija kuupandisha tena ule mstari kwenye 2.7, skripti itasema "limerudi", na wewe utajua pa kwenda moja kwa moja.