Kigoma: Hizi rasta za ukingo hadi ukingo zitatuulia watu wa baiskeli

Wakuu, sina salamu ndefu leo. Nataka aliyeamua kuweka rasta mpya, yale matuta madogo ya kupunguza mwendo wa magari, kwenye mteremko wa kuelekea Ujiji ajitokeze atueleze mtu wa baiskeli alipangiwa apite wapi. Zimemwagwa kutoka ukingo hadi ukingo, haikuachwa hata nafasi ya tairi moja. Ukizipanda unarushwa. Ukizikwepa kulia unaingia ubavuni mwa Hiace. Ukizikwepa kushoto unadondoka, kwa sababu lami ilipoongezwa tabaka jipya, bega la barabara liliachwa chini pale pale lilipokuwa. Leo pale kuna ngazi ya kina cha kiganja, kingo zake zimechongoka, na chini yake kuna kokoto za mkandarasi ambazo hazijazolewa mpaka sasa.

Wiki iliyopita mzee mmoja kaanguka hapo, nami nilikuwa nyuma yake. Alikuwa anashuka taratibu na madumu mawili ya mawese, moja kila upande wa kerea, kayafunga kwa vipande vya tyubu kama wanavyofunga wote. Fungu la kwanza la rasta kalivuka. La pili likalegeza kifungo, dumu la kushoto likashuka, usukani ukavutwa, mzee akaenda chini na mzigo wake wote. Kifuniko kikafyatuka. Mawese yakaanza kutiririka kwenye lami, mekundu, yanafuata mteremko. Bodaboda aliyekuwa anakuja nyuma na abiria akateleza, Mungu kasaidia akaishia kwenye majani. Vijana wa kijiweni wakakimbia na koleo wakamwaga mchanga. Yule mzee goti limechubuka mpaka nyama inaonekana, lakini hakuligusa. Alikuwa amepiga magoti anakusanya mafuta kwa viganja kuyarudisha kwenye dumu, na yamekwisha changanyika na vumbi. Anasema mafuta si yake, kakabidhiwa ayafikishe sokoni.

Nimekwenda ofisini. Sitataja ni ofisi gani, siandiki hapa kumchafua mtu. Ya kwanza waliniambia barabara ile haiko chini yao, niende kwa wenzao. Kwa wenzao nikaambiwa rasta zimewekwa kwa ajili ya usalama, na kwamba "baiskeli zinatakiwa zipite pembeni". Nikamuuliza aliyesema hivyo, pembeni ipi. Nikamwonyesha picha ya ile ngazi kwenye simu. Akaitazama, akanirudishia simu, akaniambia niandike barua. Barua nimeandika, imegongwa muhuri wa kupokelewa, imeishia hapo.

Sasa kuna watakaosema huyu jamaa ana baiskeli yake ya mbio ya tairi nyembamba, analilia starehe. Ndiyo, ninaendesha baiskeli ya mbio, tuko kikundi, tunatoka alfajiri kabla jua halijawa kali. Sioni aibu kwa hilo. Lakini hesabuni wenyewe baiskeli zinazopita Mwanga asubuhi moja. Wanaotoka Kibirizi na magunia ya dagaa, wanaobeba migebuka kwenye matenga, wauza mkaa, mafundi, wanafunzi, mama aliyepakiwa na mtoto mgongoni. Mji huu unakula kwa baiskeli. Tairi yangu ina upana wa milimita 25, ya mzee wa mawese ni pana kidogo tu kuliko hiyo, na shimo linalonivunjia rimu mimi ndilo linalommwagia yeye mzigo. Tofauti ni kwamba mimi nikianguka naharibu Jumamosi yangu, yeye anadaiwa.

Na zamani mtu wa baiskeli alikuwa na mahali pa kukimbilia. Kulikuwa na vinjia vya chini, karibu na maji, ambavyo watu walipita bila kugusana na magari. Ziwa Tanganyika lilipopanda, kuanzia ule mwaka 2020 na ikaja tena 2024, maji yalikula fukwe, Kibirizi mnajua yaliyoipata, na njia nyingi za mchangani zikazama au zikakatika. Waliokuwa wanapita huko wote wamepanda juu kwenye lami. Kwa hiyo baiskeli zimeongezeka barabarani katika kipindi hicho hicho ambacho barabara inatengenezwa kama vile hazipo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ghuba ndiyo mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kuendesha, na nimeendesha sehemu nyingi za nchi hii. Unaanzia stesheni ya reli, pale mwisho wa Reli ya Kati ambapo garimoshi limekuwa likifika tangu 1914. Unapandisha barabara ya Lumumba chini ya kivuli cha miembe, pumzi inakata, lakini kuna ubaridi. Ukifika juu Mwanga unachagua. Ukitaka urefu unaitafuta Mwandiga, unauacha mji nyuma, vilima vinaanza kukupandisha na kukushusha, na miguu inajua kazi. Ukitaka tambarare na historia unashuka Ujiji, si mbali, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, mnara uko pale na miembe iko pale. Na ukitaka kuliona ziwa, unaelekea Bangwe halafu Katonga. Hapo kuna sehemu unatokeza juu ya kilima na ghuba yote inafunguka chini yako: bandari, mitumbwi ya wavuvi wa dagaa inarudi na karabai zake, na mvua zikiwa zimesafisha hewa unaiona milima ya Kongo ng'ambo, kilometa kama 50 za maji katikati. Ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Duniani linapitwa na Baikal peke yake, nalo liko Urusi kwenye barafu. Sisi tuna letu, lina joto mwaka mzima, na njia za kulizunguka tunaziharibu kwa mikono yetu.

Wageni wanalijua hili. Mtu anakuja kwa ajili ya sokwe wa Gombe. Gombe huendi kwa gari, unapanda boti, na mara nyingi analala mjini siku moja au mbili akisubiri usafiri wake. Anauliza baiskeli. Nimewatembeza kadhaa. Wote wanatoka wamefurahia ziwa na wameogopa barabara. Mama mmoja wa makamo, amezoea kuendesha kwao miaka mingi, alishuka kwenye baiskeli akaisukuma kwa miguu sehemu yote ya rasta huku Fuso zinampigia honi. Nilijisikia vibaya kama mwenyeji.

Halafu kuna ule mfuniko wa mtaro kwenye kona ya upande wa Bangwe. Hili nalo nataka mlione vizuri, kwa sababu ni la kijinga kuliko yote na dawa yake ni rahisi kuliko yote. Mtaro unakatiza barabara, juu yake wamefunika kwa nondo. Nondo zimelazwa kufuata mwelekeo wa barabara badala ya kuikatiza. Nafasi kati ya nondo na nondo unaingiza vidole vitatu. Maana yake tairi ya baiskeli inaingia katikati mpaka kwenye spoki, inasimama papo hapo, na wewe unaendelea mbele bila baiskeli. Uko kwenye kona, unateremka, hujauona mpaka umeshaufikia. Kijana wa kikundi chetu kapoteza meno mawili ya mbele pale. Rimu ilikunjika, na rimu za aina ile Kigoma hakuna, mpaka uagize Dar ije kwa basi. Fundi yeyote wa kuchomelea pale Mwanga angezigeuza zile nondo kwa asubuhi moja. Tulijitolea kulipa wenyewe. Tukakatazwa, tukaambiwa ni mali ya umma na tukiigusa tutakamatwa.

Madereva nao. Siwezi kuwaacha. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973 na kwenye makazi ya watu mwisho ni kilometa 50 kwa saa. Nani anaifuata akitoka Gungu? Malori ya saruji yanayowahi bandarini yanakupita kwa kiasi ambacho ukinyoosha kiwiko unagusa bodi. Hiace inakupita, inakukatia mbele, inasimama kupakia, unapiga breki mpaka cheni inaruka. Ukilalamika konda anakujibu, "Nunua gari." Trafiki yuko mita chache, anamsubiri bodaboda asiye na helmeti.

Nielewekeni kwenye jambo moja kabla hamjaanza kunishambulia. Sipingi rasta. Karibu na shule zinatakiwa, watoto wanavuka pale na magari hayana adabu, na mimi nina watoto wanaovuka. Ninachopinga ni namna zilivyowekwa. Rasta zinaweza kuishia mita moja kabla ya ukingo wa lami, gari likapunguza mwendo kama kawaida, na baiskeli ikapita kwenye ile nafasi. Haiongezi gharama, inapunguza, maana unatumia lami kidogo zaidi. Mahali pengi duniani wanafanya hivyo. Na bega la barabara linajazwa udongo na kushindiliwa siku ile ile lami inapowekwa, siyo kuachwa "awamu ya pili" ambayo haifiki.

Kwa hiyo tunataka hivi. Zile rasta za mteremko wa Ujiji zikatwe pembeni, kila upande, kabla mvua za msimu hazijaanza, kwa sababu maji yakianza kulala kwenye ile ngazi hakuna atakayeiona. Bega lijazwe. Nondo za Bangwe zigeuzwe, na kama hawana hela ya fundi tumeshasema tunayo sisi. Diwani anayesoma hapa, najua mpo humu mnasoma kimya kimya, lipeleke hili kwenye kikao cha baraza na uulize kwa sauti nani alipokea kazi ile na kusaini kwamba imekamilika.

Yule mzee wa mawese tumemchangia, dumu limerudishwa kwa mwenyewe. Hilo msihangaike nalo.

Mnaopita huko kila siku, wa Ujiji, Gungu, Katonga, Mwandiga, wekeni picha hapa chini za kila sehemu iliyomwangusha mtu wa baiskeli. Pigeni picha mchana, jengo au kibao kilicho karibu kionekane, ili tukirudi ofisini asitokee mtu wa kutuambia hajui ni wapi. Za Ujiji na Bangwe naanza kuziweka mimi sasa hivi.