Mrejesho: nyumba mpya niliyouliza kama ikaguliwe

Wakuu, niliwauliza kama kuna haja ya kumlipa mkaguzi wa kujitegemea wakati nyumba ni mpya kabisa. Wengi mlisema nimwite kabla sijakabidhiwa funguo. Nashukuru sana.

Nilimwita. Bafuni mkaguzi alimwaga ndoo ya maji, yakatuama kwenye kona badala ya kwenda kwenye tundu la sakafu. Mteremko umekosewa. Darini ndiko nilikoshtuka: bomba la feni ya bafuni limeishia humo humo, halikutolewa nje, kwa hiyo mvuke wote ungelowesha mbao za paa taratibu. Soketi mbili za jikoni hazina waya wa ethi, yaani ule wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Na yote hayo huku ukuta unang'aa rangi!

Mkandarasi amekubali kwa maandishi kurekebisha yote. Mkaguzi atarudi kabla sijasaini.