Mrejesho: ratatouille ya katuni juu ya mbabula

Ndugu wa Lubumbashi, asanteni. Swali lilikuwa: kwa nini ile sahani ya vipande vya mboga ya filamu Ratatouille (2007), ambayo mpishi Thomas Keller aliwapa watengenezaji ushauri wake, inageuka supu ikipikwa kwenye mbabula (jiko la makaa)?

Kati yenu, aliyelaumu bilinganya alisema nusu ya kweli. Kosa kubwa ni sosi. Nyanya 4, kitunguu 1 na pilipili hoho 1 vichemke bila kifuniko mpaka kijiko kikiburutwa chini ya sufuria kinaacha njia isiyojifunga. Itandazwe kwenye sahani ya bati, nusu sentimita tu.

Bilinganya, kurujeti (mboga jamii ya boga) na nyanya ndefu ngumu zikatwe milimita 2, upana uleule. Bilinganya itiwe chumvi dakika 20, ikaushwe kwa kitambaa. Vipande vipangwe juu ya sosi kwa kupandana, kila kimoja kiache wazi robo tu ya mwenzake.

Karatasi ya kuokea iguse mboga zenyewe. Ikikaa juu, mvuke unadondoka. Sahani ya bati ikae juu ya mchanga sentimita 3 ndani ya sufuria kubwa, makala (makaa) machache chini, mengi juu ya kifuniko, saa 1 na nusu. Karatasi itoke dakika 20 za mwisho.

Kurujeti ya manjano haikupatikana. Karoti badala yake ilibaki ngumu, msijisumbue.