Sanduku la midoli ya watoto: msonobari, marini bodi au MDF?

mama_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuchongesha sanduku la kuwekea midoli ya watoto. Fundi kanipa vitu vitatu nichague: msonobari, marini bodi au MDF (ile bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa). Kesho asubuhi anakwenda kununua. Nimwambie nini?

RandaKali
Dada, yale yanayoamua hujayataja. Vipimo? Watoto wana umri gani? Litakaa chumbani au sebuleni panapopigwa deki? Lina mfuniko au liko wazi? Na hiyo marini bodi ni ipi, ile nyeusi ya kufungia zege au plaiwudi isiyoogopa maji? Nyeusi ina ngozi inayokataa rangi na gundi, na ukishaikata, kingo zinabaki wazi zinanyonya maji.

Msonobari_Mafinga
Msonobari. Ni mwepesi, skrubu inashika, ukichakaa unapiga randa upya. Sharti uwe mkavu. Upande wa sentimita 45 ulioungwa kwa mbao zenye unyevu unaweza kusinyaa milimita 5 hadi 7 ukikaukia ndani ya nyumba. Kama kitako kimegandishwa kwa gundi pande zote, lazima kitu kipasuke. Kitako kiingie kwenye mfereji bila gundi, kiachiwe milimita 3 kila upande. Vibao vya chini ya mfuniko vitobolewe matundu marefu ya skrubu ili mbao ipate pa kutembea.

fundi_wa_Likoni
Pwani msonobari unacheza mwaka mzima. Masika unavimba, kaskazi unasinyaa, na mfuniko unakataa kufunga. Chukua marini bodi isiyo nyeusi: plaiwudi ya milimita 18 imetulia kwa sababu nyuzi za kila tabaka zinakatana na za tabaka la pili yake.

mama_Tabata
Samahani wakuu, nilisahau. Niko Dar. Watoto wana miaka 2 na 4. Sentimita 90 kwa 45, kimo 45. Litakaa sebuleni, deki kila siku. Mfuniko nautaka, wawe wanaukalia.

RandaKali
Deki kila siku, basi MDF iondoe kabisa. Kuna sanduku la MDF lililoletwa kukarabatiwa, lilikuwa limekaa moja kwa moja juu ya vigae. Maji yalipanda kupitia kingo za chini ambazo hazikupakwa chochote, zikavimba na rangi ikabanduka. Kibaya zaidi kilikuwa juu. Bawaba zilifungwa kwa skrubu za milimita 16 kwenye ukingo wa bodi. Ukingo wa MDF hauna nyuzi ndefu za kushika skrubu, ni nyuzi fupi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Mtoto alipouegemea mfuniko ukiwa wazi, bodi ilichanika katikati ya unene wake, mfuniko ukaning'inia kwa bawaba moja. Fundi wa kwanza alihamisha bawaba sentimita 5 pembeni na kutia skrubu ndefu zaidi, ikachanika tena. Kilichosaidia ni kipande cha mninga cha milimita 20 kwa 40 kilichogandishwa ndani ya mgongo kwa urefu wote, bawaba zikashika humo. Chini likawekewa vimiguu vya mpira vya sentimita 2.

fundi_wa_Likoni
Kwa vipimo hivyo shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatosha. Ipasue kwa urefu, kipande cha sentimita 45 na kingine cha 47. Cha 45 kinatoa mbele na nyuma, 90 kila kimoja, pamoja na ubavu mmoja wa 41.4. Cha 47 kinatoa ubavu wa pili, kitako cha 86.4 kwa 41.4, na mfuniko wa 94 kwa 47. Skrubu za milimita 4 kwa 50 kila sentimita 15, toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3, na gundi ya mbao kila kiungo.

Dada_Chekechea
Mwenye mtoto wa miaka 2 asiweke mfuniko. Mtoto anainama kutafuta mdoli wa chini kabisa, mfuniko unamshukia shingoni. Au anaingia kujificha. Sanduku wazi la kimo cha 30, lenye magurudumu, linatosha.

RandaKali
Hatari hiyo ni kweli, ila dawa ipo. Mfuniko huo utakuwa na karibu kilo 5, usifungwe kwa bawaba za kawaida. Shokapu za gesi za makabati ya jikoni nazo hazitoshi: zinasukuma mfuniko ukiwa juu, ukishuka chini ya pembe fulani zinauachia. Zinazotakiwa ni bawaba za springi zinazousimamisha popote unapouachia. Kiwango cha Marekani cha usalama wa midoli, ASTM F963, kinataka mfuniko ukiachiwa usishuke zaidi ya nusu inchi, isipokuwa inchi 2 za mwisho. Kwa hewa, EN 71 ya Ulaya inataka matundu mawili, kila moja milimita za mraba 650, yaachane milimita 150. Tundu la kipenyo cha milimita 30 linapita hapo. Yatoboe mbavuni, si mgongoni kunakogusa ukuta. Komeo usiweke.

Msonobari_Mafinga
Mkirudi kwenye msonobari, usinunue ule wa kijani uliotiwa dawa kwa ajili ya kenchi. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na mtoto wa miaka 2 anatafuna kingo. Hata vumbi lake la msasa ni sumu.

Dada_Chekechea
Na rangi iwe ya mkebe ulioandikwa kuwa haina madini ya risasi.

fundi_wa_Likoni
Vanishi ya maji, ipake mara tatu, msasa namba 240 katikati. Ya mafuta inabaki na harufu ndani ya sanduku muda mrefu.

Msonobari_Mafinga
Ya maji kwenye sanduku la kukaliwa? Itakwaruzika. Paka ya mafuta, liache wazi kivulini wiki mbili.

mama_Tabata
Fundi kapiga simu sasa hivi. Plaiwudi ya 18 dukani imeisha, ipo ya 12. Achukue?

RandaKali
Mbavuni sawa, mradi kila pembe iwe na kiguzo cha milimita 40 kwa 40 ndani. Mfuniko wa kukaliwa wa 12 utabonyea, labda uwe na vibao vitatu chini.

Dada_Chekechea
Au lisiwe na mfuniko.

fundi_wa_Likoni
Mwulize kwanza bawaba za springi amezipata wapi na zinabeba kilo ngapi. Uzito wa mfuniko ukibadilika, nazo zinabadilika.